Jinsi ya Kusoma Falsafa ya Wagiriki wa Kale: Mwongozo Kamili kwa Anayejisomea

Neno la kwanza la kichwa hicho hapo juu lina asili ya Kigiriki. Genos, yaani jamii au aina ya vitu, lilikuwa neno la kazi kwa Aristotle alipokuwa akipanga viumbe na dhana katika mafungu. Waarabu wakalipokea wakasema jins, nasi tukalipata kwao: jinsi, jinsia. Nalitaja mapema kwa sababu wengi husogelea falsafa hii kwa unyonge, kama mgeni anayesubiri mlangoni aitwe ndani. Wewe ulishaitwa ndani, hata kabla bibi yako hajazaliwa.

Kosa kubwa la anayeanza ni orodha. Thales alisema chanzo cha vyote ni maji, Heraclitus akasema moto, Democritus akasema atomu, na daftari linajaa. Mimi nilianza hivyo. Miaka miwili baadaye nilikuwa na majina thelathini kichwani, wala sikuweza kutetea wazo hata moja mbele ya mtu anayenipinga. Watu hawa waliandika wakibishana, na husomeka kwa kubishana nao. Hatua zote zinazofuata zinakwenda huko.

Unahitaji daftari, simu yenye intaneti, saa moja mara nne kwa wiki, na mtu mmoja wa kubishana naye. Huyo mtu ni muhimu kuliko vitabu. Wangu alisoma seminari, mimi nilisoma madrasa, na tofauti hiyo imetusaidia kuliko tulivyotarajia. Ukijipa mwaka mmoja, hautakuwa mwingi wala mchache.

Hatua ya 1: Ramani, kisha tarehe tano

Fungua ramani ya Bahari ya Mediterania, halafu tia alama. Thales alikuwa mtu wa Miletus, Heraclitus mtu wa Ephesus, na magofu ya miji hiyo miwili leo yako Uturuki. Parmenides alikuwa Elea, kusini mwa Italia. Empedocles alikuwa Akragas katika kisiwa cha Sicily. Zeno aliyeanzisha shule ya Wastoiko alitoka Citium, Kupro. Plotinus alizaliwa Misri karibu mwaka 205 BK na kusomea Alexandria. Utaona kwamba "Ugiriki" wa falsafa ulikuwa ulimwengu wa bandari, wenye watu wanaosafiri, kuuza, na kusikia miungu ya wenzao. Aliyekulia pwani yetu hatapata shida kuuwazia. Ile pwani ya Miletus na Ephesus iliitwa Ionia, na jina hilo ndilo lililogeuka Yunani, tunalolikuta kwa Wayunani wa Biblia ya Kiswahili.

Kwa tarehe, tano zinatosha. 585 KK: kupatwa kwa jua ambako Herodotus anasema Thales alikutabiri. 399 KK: kifo cha Socrates, mwalimu wa Plato. Karibu 387 KK: Plato anaanzisha shule yake, Akademia. 335 KK: Aristotle anafungua shule yake, Lyceum. 529 BK: Kaisari Justinian anapiga marufuku mafundisho ya falsafa ya kipagani mjini Athens. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,100. Nyingine zote zitajipanga zenyewe kadiri unavyosoma.

Hatua ya 2: Pata maandishi, ujue namba zake

Kwa Kiswahili tuna machache. Samuel Mushi alitafsiri tamthilia ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode, na ukiipata isome, kwa maana Aristotle aliitumia tamthilia hiyo kama mfano wake mkuu alipoandika juu ya tanzia. Falsafa yenyewe utaisoma zaidi kwa Kiingereza au Kifaransa. Maktaba ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts ina maandishi ya Kigiriki pamoja na tafsiri, bure. Project Gutenberg ina tafsiri za Plato za Benjamin Jowett. Hizo ni za karne ya 19, na lugha yake ina uzito wa kanisani, lakini zinasomeka. Ukikwama kwenye jambo, ensaiklopidia ya falsafa ya Stanford iko wazi kwa kila mtu na imeandikwa na wataalamu.

Sasa namba. Ukiona "Apolojia 38a", Apolojia ni andiko la Plato, lakini 38 si ukurasa wa kitabu ulichoshika. Mwaka 1578 Henri Estienne, ambaye kwa Kilatini huitwa Stephanus, alichapa maandishi ya Plato mjini Geneva, kila ukurasa ukiwa umegawanywa kwa herufi a hadi e. Namba za kurasa zile zimebaki pembeni mwa karibu kila tafsiri nzuri hadi leo. Aristotle ana namba za Bekker, kutoka toleo la Berlin la mwaka 1831: ukurasa, safu a au b, kisha mstari. Kwa hiyo mwenzako anaweza kusoma Kifaransa, wewe Kiingereza, na mkafika sentensi ile ile kwa sekunde chache.

Namba hizi pia ni ngao. Mitandaoni Socrates anasemeshwa mengi. "Najua kitu kimoja tu, kwamba sijui kitu" ni maarufu mno, lakini ukifungua Apolojia 21d unakuta jambo lenye kiasi na lenye nguvu zaidi: yale asiyoyajua, Socrates hadhani kwamba anayajua. Nukuu isiyo na namba iache ipite.

Hatua ya 3: Mwezi mzima kwa Euthyphro

Hapa ndipo kazi inapoanza, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Mazungumzo haya ya Plato hayazidi kurasa ishirini na kitu. Soma mara moja kimyakimya. Mara ya pili soma kwa sauti na mwenzako, mmoja akiwa Socrates, mwingine Euthyphro. Mara ya tatu soma na kalamu.

Kisa chenyewe ni hiki. Socrates, mzee wa miaka 70, yuko kwenye baraza la hakimu anayeitwa Mfalme, maana ameshtakiwa kwa kutoheshimu miungu na kuharibu vijana. Anakutana na Euthyphro, ambaye amekuja kumshtaki baba yake mzazi kwa kosa la kuua. Familia ilikuwa na shamba Naxos. Kibarua mmoja alilewa, akagombana na mtumwa wa nyumbani, akamchinja. Baba akamfunga kibarua huyo mikono na miguu, akamtupa shimoni, akatuma mtu Athens kuuliza wajuzi wa dini afanye nini. Mjumbe kabla hajarudi, yule mtu alikufa kwa njaa, baridi na kamba.

Simama hapo. Funga kitabu, muulizane: Je, Euthyphro ana haki ya kumshtaki baba? Sisi tulibishana jioni nzima. Mwenzangu alisema damu ya kibarua ni damu. Mimi nilisema mzazi hapelekwi mahakamani na mwanawe kabla ya wazee kukaa. Plato anataka ufike kwenye mabishano hayo ukiwa na moyo wako mzima, kwa sababu swali la Socrates litakuja kuuchoma huo moyo: Euthyphro, wewe uliye na hakika kiasi cha kumshtaki baba yako, uchaji ni nini?

Euthyphro anajibu kwamba uchaji ni hili ninalolifanya sasa. Socrates anamwambia huo ni mfano, mimi nimeuliza kitu chenyewe. Jibu la pili: uchaji ni kile kinachopendwa na miungu. Lakini miungu ya Wagiriki hugombana, na anachokipenda mmoja mwingine hukichukia. Jibu la tatu, 9e: uchaji ni kile ambacho miungu yote inakipenda. Ndipo linapokuja swali la 10a, ambalo dunia haijaacha kuliuliza: Je, uchaji unapendwa na miungu kwa sababu ni uchaji, au ni uchaji kwa sababu unapendwa?

Wanafunzi wengi wanaosoma kwa Kiingereza hupotea kwenye aya inayofuata, 10b hadi 11a, kwa sababu hoja yote imeegemea tofauti ya kutenda na kutendwa. Kiswahili kinaibeba bila jasho. Mzigo unabebwa kwa sababu kuna mtu anaubeba. Hakuna anayeubeba kwa kuwa tayari ni mzigo unaobebwa. Kubeba kunatangulia kubebwa. Vivyo hivyo kupenda kunatangulia kupendwa: kitu ni "kipendwacho na miungu" kwa sababu miungu inakipenda. Lakini Euthyphro ameshakubali kwamba uchaji unapendwa kwa sababu ni uchaji. Basi uchaji una sababu yake kabla ya kupendwa, na "kipendwacho" hakina. Vitu viwili vyenye sababu zinazokwenda njia tofauti haviwezi kuwa kitu kimoja.

Iandike hoja hiyo kwa maneno yako katika sentensi tano, kila sentensi kwenye mstari wake. Kisha mpe mwenzako achague sentensi moja ya kuivunja. Zoezi hili utalirudia kwa kila andiko la mwaka huu. Ukilifanya kwa Euthyphro tu na ukaacha yote mengine, umesoma falsafa.

Hatua ya 4: Kesi, jela na kifo

Soma Apolojia, kisha Crito, kisha kurasa za mwisho za Phaedo. Kwenye Apolojia tazama hesabu ya kura: Socrates mwenyewe anasema, 36a, kwamba kura 30 zingehama upande angeachiwa. Alipoulizwa apewe adhabu gani, alipendekeza alishwe kwa gharama ya mji kama wanavyolishwa washindi wa Olimpiki, na mwishowe akataja faini ya mina 30, fedha ya wakati ule, ambayo rafiki zake wangeidhamini. Kwenye Crito anakataa kutoroka jela. Hapo kuna ugomvi halisi ndani ya Plato: mtu aliyesema mahakamani kwamba hataacha falsafa hata akiamriwa, anawezaje kusema Sheria za mji lazima zitiiwe? Usikimbilie kuwapatanisha. Andika pande zote mbili kwanza.

Hatua ya 5: Chora mchangani

Katika Meno, 82b hadi 85b, Socrates anamwita kijana mtumwa ambaye hajasoma hesabu. Usiisome sehemu hii ukiwa umekaa kitini. Chukua kijiti, toka uani.

Nilifanya hivyo na mtoto wa dada yangu, wa miaka 12. Chora mraba wenye upande wa futi 2. Eneo lake ni 4. Muulize: nataka mraba wenye eneo mara mbili, yaani 8, upande wake uwe na urefu gani? Mpwa wangu alijibu alivyojibu yule kijana wa miaka 2,400 iliyopita, na kwa uhakika ule ule: zidisha upande mara mbili, uwe 4. Tukachora, tukahesabu: 16. Akakunja uso. Basi 3. Tukachora: 9. Akanyamaza, akafuta kwa mguu, akaanza tena. Hapo Socrates anamgeukia Meno, bwana wa kijana huyo, na kumuuliza kama kijana amedhurika kwa kuachwa hajui; mwanzo alidhani anajua, sasa anatafuta.

Jibu ni mstari wa kona kwa kona. Ndani ya mraba mkubwa wa 16 kuna miraba minne ya 4. Kata kila mmoja kwa mstari wa kona kwa kona, nusu zote nne za ndani zinaungana kuwa mraba ulioinamia upande, na nusu nne za 2 kila moja ni 8. Mtoto aliuona kabla sijamaliza kuchora.

Baada ya hapo ndipo usome dai la Plato, kwamba kujifunza ni kukumbuka kile ambacho roho ilikwisha kukijua. Utakuwa na haki ya kulikataa, kwa kuwa umeona kwa macho kile anachojaribu kukieleza.

Hatua ya 6: Maneno sita uyaache kwa Kigiriki

Kuna maneno ambayo tafsiri yoyote inayaibia. Lipe kila moja ukurasa wake kwenye daftari, na kila ukikutana nalo andika namba na maana yake hapo.

Aretē hutafsiriwa fadhila, lakini kwa Wagiriki hata kisu kina aretē: kukata vizuri. Fundi seremala anaposema hii randa ni randa kweli, yuko karibu na neno hilo kuliko kamusi nyingi. Eudaimonia huitwa furaha, na hapo ndipo watu wanapotea, maana furaha huja na kuondoka jioni moja. Neno letu heri liko karibu zaidi, heri ya maisha mazima ya mtu. Logos ni neno, hoja, hesabu na mpango kwa pamoja. Ndilo lililo nyuma ya "Hapo mwanzo kulikuwako Neno" katika Injili ya Yohana. Psychē ni kile kinachofanya kiumbe kiwe hai, kwa hiyo kwa Aristotle hata mchicha una psychē. Physis ni maumbile ya kitu yanavyojiendea yenyewe. Polis si serikali wala jiji tu. Ni jamii inayojitawala na kuishi pamoja.

Kuna kitenzi kimoja cha kuongeza. Parmenides alijenga falsafa nzima juu ya esti, "ni" au "iko". Kigiriki kinatumia neno hilo moja kwa kazi nyingi. Kiswahili kinakulazimisha uchague: ni, iko, ipo, imo. Chukua sentensi zake moja moja, jaribu kila kimoja. Utagundua ni wapi hoja yake inasimama, na ni wapi inategemea neno kubadilisha maana katikati ya safari.

Alfabeti yenyewe jifunze kwa wiki moja. Pi, theta, alfa na beta ulishakutana nazo kwenye hesabu.

Hatua ya 7: Jamhuri, kisha Aristotle

Jamhuri ni ndefu. Kwa mara ya kwanza soma kitabu cha 1 na cha 2 hadi pete ya Gyges, 359d, ile inayomfanya mtu asionekane: ungekuwa nayo, ungeendelea kuwa mwadilifu? Kisha ruka hadi kitabu cha 5, ambako Plato anasema wanawake wenye uwezo watawale sawa na wanaume, jambo la ajabu kwa Athens ya wakati ule. Maliza na mfano wa pango, mwanzo wa kitabu cha 7, 514a. Hapo katikati utarudi mwaka mwingine.

Aristotle anahitaji subira ya namna nyingine. Maandishi aliyoyaandalia umma yamepotea karibu yote. Tulichonacho zaidi ni kama daftari za mihadhara, kavu, zilizobanwa. Usisome kurasa kumi kwa mara moja. Chukua sura moja ya Maadili ya Nicomachus, isome mara tatu, kisha jiulize: anajibu swali gani, na anampinga nani? Mara nyingi anampinga Plato, mwalimu aliyekaa naye miaka 20.

Anza na kitabu cha 1 juu ya eudaimonia, cha 2 juu ya ukati, kisha cha 8 juu ya urafiki. Kwenye ukati, jihadhari. Watu husema Aristotle alifundisha "kiasi katika kila kitu". Ujasiri kwake uko kati ya uoga na ujuba, sawa, lakini mahali pa katikati hutegemea mtu, saa na jambo, na kuna matendo, mfano wizi na uzinzi, ambayo hayana katikati yoyote, 1107a. Kuhusu urafiki anasema kuna wa manufaa, wa starehe, na wa watu wanaopendana kwa wema wao. Chukua marafiki watano unaowajua, waweke kwenye mafungu hayo. Kwa siri, tafadhali.

Hatua ya 8: Epicurus na Wastoiko

Hawa ni wepesi kusoma. Barua ya Epicurus kwa Menoeceus ni kurasa chache, na itakuonyesha kwamba mtu aliyesingiziwa ulafi alisifu mkate na maji. Kwa Wastoiko soma Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, ukianza na mstari wa kwanza wa Enchiridion, kuhusu vilivyo katika uwezo wetu na visivyo. Kisha fungua Matendo ya Mitume 17, ambako Paulo anakutana Athens na Waepikureo na Wastoiko. Sasa utajua walikuwa wanasikiliza wakiwa na masikio gani.

Hatua ya 9: Fuata barabara hadi kinywani mwako

Athari za Wagiriki watu huzitafuta kwenye majengo yenye nguzo na neno demokrasia. Anza karibu zaidi. Falsafa ni philosophia. Kanuni ni kanōn, fimbo ya kunyooshea, na Epicurus alikipa jina hilo kitabu chake cha namna ya kujua ukweli. Karatasi ni khartēs. Kalamu ni kalamos. Belghamu ni phlegma, mojawapo ya maji manne ya mwili katika utabibu wa Hippocrates na Galen, ule unaoitwa hadi leo tiba ya Kiyunani. Askofu ni episkopos. Maneno haya karibu yote yalipita kwenye Kiarabu, na hapo ndipo uanzie.

Kuanzia karne ya 8 Baghdad ilitafsiri Wagiriki kwa bidii ambayo ni nadra kuonekana. Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo aliyefariki mwaka 873, alikusanya nakala kadhaa za kitabu kimoja cha Kigiriki, akazilinganisha hadi apate maandishi sahihi, ndipo akatafsiri. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliitwa Mwalimu wa Pili, wa kwanza akiwa Aristotle. Ibn Sina anasimulia katika maisha yake kwamba aliisoma Metafizikia ya Aristotle mara 40 hadi akaihifadhi, asiielewe. Siku moja kwenye soko la vitabu dalali akamsihi anunue kijitabu cha dirhamu tatu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na shida ya pesa. Kilikuwa cha Al-Farabi, kikieleza makusudi ya Metafizikia. Akakisoma, yote yakamfungukia, na kesho yake akatoa sadaka kwa maskini. Nimeisoma habari hiyo kila nilipokwama. Na hata hiyo dirhamu ni drakhmē.

Kisha soma ugomvi mkubwa. Al-Ghazali, ambaye jina lake lina heshima kubwa pwani, mwaka 1095 aliwajibu wanafalsafa katika masuala 20, na katika matatu aliwahukumu kwa ukafiri: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mungu hajui jambo moja moja, na kwamba miili haitafufuliwa. Mantiki yao hakuitupa. Aliitetea na kuifundisha. Ibn Rushd wa Cordoba akamjibu hoja kwa hoja. Maelezo ya Ibn Rushd yakatafsiriwa kwa Kilatini, yakamfikia Thomas Aquinas, ambaye humwita Aristotle "Mwanafalsafa" tu, na Ibn Rushd "Mfafanuzi". Mseminari wa Afrika Mashariki anayesoma falsafa kabla ya teolojia na mwanafunzi wa madrasa anayesoma mantiki wanakunywa kisima kimoja kwa ndoo mbili. Sisi wawili tuligundua hilo tulipokuwa tunabishana juu ya neno "dhati", yaani kiini cha kitu.

Zoezi la hatua hii: rudi kwenye swali la Euthyphro, litafute kwa Mu'tazila na kwa Ash'ari, makundi mawili ya wanateolojia wa Kiislamu. Wa kwanza walisema akili inaweza kutambua wema wa jambo. Wa pili walisema jema ni jema kwa kuamriwa. Andika kurasa mbili ukionyesha nini kinabadilika Mungu akiwa mmoja badala ya miungu inayogombana.

Hatua ya 10: Pinga

Soma kitabu cha 1 cha Siasa ya Aristotle, 1254a hadi 1255b, ambako anasema kuna watu waliozaliwa wawe watumwa. Maneno hayo hayakubaki kitabuni. Mwaka 1550 na 1551 mjini Valladolid, msomi Mhispania Sepúlveda aliyatumia kuhalalisha vita dhidi ya wenyeji wa Amerika, na padre Bartolomé de las Casas akampinga. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu. Msomaji wa pwani hii hawezi kuzipita kurasa hizo kwa kumtetea mwandishi kwamba "zama zilikuwa hivyo": Aristotle mwenyewe anakiri, 1253b, kwamba walikuwepo watu wa wakati wake waliosema utumwa ni kinyume cha maumbile. Tafuta hoja yake inavunjikia wapi. Inavunjika, na utaiona ukiifuata kwa sentensi tano kama ulivyozoea.

Utakutana pia na dai kwamba falsafa hii iliibwa Misri, na kwamba Aristotle alichota maktaba ya Alexandria. Lipime kwa tarehe. Aristotle alifariki mwaka 322 KK. Maktaba ile ilianzishwa na Waptolemayo baada yake. Lakini deni lenyewe Wagiriki hawakulificha. Aristotle anasema hesabu zilianza Misri, kwa sababu makuhani walikuwa na wasaa, Metafizikia 981b. Plato, katika Timaeus 22b, anamweka kuhani wa Sais akimwambia Solon, mtunga sheria wa Athens, kwamba Wagiriki ni watoto daima. Hayo yana namba. Yashike hayo.

Kisha msome Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyeanza katika miaka ya 1970 kuwatafuta wazee wenye hekima wa Kenya na kuwahoji kwa maswali makali. Aliwatofautisha wanaorudia mila na wanaoihoji. Socrates naye hakuandika kitu. Mtafute mzee mmoja unayemfahamu, mpe swali moja la Euthyphro, na usimkatize.

Mwezi wa 12

Funga mwaka kwa kufungua tena Euthyphro. Weka kando zile sentensi tano za mwezi wa kwanza, andika mpya bila kuzitazama, kisha zilinganishe. Zangu zilikuwa zimebadilika katika mstari wa tatu, na bado tunabishana kama zimekuwa bora.

Soma kwa sauti hadi 15e, mmoja wenu akiwa Euthyphro. Socrates anamsihi waanze upya kutoka mwanzo, waulize tena uchaji ni nini. Euthyphro anasema ana haraka, wakati wake wa kuondoka umefika. Anaondoka. Mzee anabaki barazani, na kesi yake bado haijasikilizwa.